Salimini Hajafikia Hatua ya Kujibu

Siku ya kwanza nilipoingia mahakamani Kibiti kama karani mkalimani, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza aliyekuwa pia hakimu, aliniambia, "Usiongeze, usipunguze." Nilidhani nitatafsiri ukweli na uongo wa watu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutafsiri sababu za kutokujibu.

Nyinyi vijana wa mahakamani mnalijua pingamizi la awali: wakili anaomba kesi itupwe kabla mdaiwa hajajibu madai. Lina faida yake, maana mtu hapaswi kusumbuliwa kwa kesi isiyo na msingi. Lakini nimeliona pia likitumika kama komeo la mlango.

Bi Zainabu, mjane wa Salale, alimshtaki jirani yake Salimini, mfanyabiashara wa boriti za mikoko, kwa kulima ndani ya shamba lake la mpunga. Salimini akaleta wakili kutoka Dar es Salaam. Wakili akasema kesi ilipaswa kuanzia baraza la liwali, mahakama ya wenyeji. Bwana Shauri akaahirisha ili afikiri, kisha akahamishwa. Akaja wa pili, tukaanza upya, pingamizi likakataliwa. Wakili akaleta jingine: mpaka uliotajwa ni kijito, na kijito kinahama, kwa hiyo shamba halijulikani.

"Mama," nikamwambia, "anasema mpaka wako haujulikani."

Bi Zainabu akacheka. "Mwanangu, huyo wakili kalima mpunga wapi? Mafuriko yakipungua, majirani tunautembea mpaka pamoja, tunachomeka vijiti. Sasa Salimini kakataa kutembea, ati kuna kesi."

"Ajibu hoja ya sheria tu," akasema Bwana Shauri.

"Si nimejibu? Salimini yule pale. Mwulizeni shamba la nani."

Nikatafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Wakili akasimama: mteja wake hajafikia hatua ya kujibu. Salimini akatazama viatu vyake.

Likakataliwa hilo, likaja la tatu. Kila kesi ilipotajwa mama alipanda mtumbwi, kisha akatembea hadi Kibiti, akaambiwa arudi siku nyingine. Hatimaye Salimini akaamriwa ajibu. Kabla siku haijafika, Bi Zainabu akafa kwa homa, juu ya dungu lake, kibanda alichokuwa akilindia mpunga.

Nilikwenda matangani. Salimini alikuwa amekaa mkekani.

"Shamba ni lake," akaniambia taratibu. "Sijapata kusema si lake."

"Mbona hukusema mahakamani?"

"Nani aliniuliza, karani?"

Nilitumikia mabwana shauri wengine, Utete na Kilwa, hadi nilipostaafu. Wengi walikuwa watu wema, na mawakili walijua kazi yao. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo: kila mmoja alifuata utaratibu, na mimi nikautafsiri vizuri.

Maji yalipopungua, Salimini aliutembea mpaka na watoto wa marehemu, wakachomeka vijiti. Walimaliza kabla ya adhuhuri.