Mashine ya Baba inajiamulia yenyewe

Leo nusura nizime mashine ya oksijeni ya baba yangu.

Baba anaumwa mapafu miaka mingi. Leo hospitalini wamemtembeza kwa mazoezi, akiwa na mashine inayoongeza oksijeni yenyewe. Hakuna anayeigusa.

Mimi niamini kitu kisichoshikwa na mtu? Nikawafuata nyuma, macho kwenye mashine.

Baba alipoanza kupanda ngazi, ikavuma kwa nguvu. Nikajua tayari imeharibika. Nikanyoosha mkono niizime.

“Iache, mwanangu,” Baba akasema. “Imejua nimechoka.”

Akaendelea kupanda, huku akimsema jirani yetu wa kule nyumbani, Nyamirambo.

Nikarudisha mkono. Siku zote Baba akitembea hawezi kuongea.

Mashine yenyewe bado siiamini. Nyie mngeiacha?