Jiwe la Kusugulia Miguu

Nilitoka Masasi juu ya lori la korosho, nikalala Songea, na kesho yake nikapanda basi. Kabla hatujafika Njombe mjini abiria walishaanza kutoa masweta kwenye mabegi. Mimi, baada ya miaka ya kuhangaika kwenye nchi za joto, sikuwa nalo. Makambako nilishuka nikitetemeka, nikachukua bodaboda hadi Mahongole. Bonde nililolifuata sikulikuta. Nilikuta miparachichi, mistari kwa mistari, na kijito chetu kimekonda hata ungekiruka bila kukunja suruali.

Wewe uliyekulia kwenye baridi unavijua visigino vinavyopasuka. Jumamosi jioni, kwa ajili ya kanisa la kesho, watoto tulikaa kijitoni tukisugua miguu mpaka iwake. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. La kwetu lilikuwa zito, la kahawia, lenye matuta membamba kama soli ya raba, na bibi hakumwazima mtu. Kazi yangu, nikishaleta kuni na kumenya viazi, ilikuwa kuwinda mengine ya aina ile, pale maji yalipokula ukingo wa kinyungu chetu. Kinyungu ni bustani ya bondeni, inayolimwa kiangazi mashamba ya juu yakiwa yamekauka. Nilipata vipande sita. Bibi alibaki na vinne, viwili akawagawia majirani, nao wakavisifu kuliko sabuni.

Nikiwa darasa la sita, jirani yetu mchinjaji alikuja kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, akaliona jiwe limeegemea ukuta. Akaligeuza, akaligusisha kwenye ulimi. Likang'ang'ania kama mfupa mkavu.

"Mama, hili si jiwe. Hili ni jino," akasema. "Miaka yote hii unasugulia miguu meno ya marehemu wa watu!"

Alicheka peke yake. Bibi aliweka kikombe chini. Kwake, mahali penye mifupa ya watu hapalimwi. "Aliyelala haamshwi kwa jembe," alizoea kutuambia. Kesho yake hakushuka bondeni. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na mfereji wa kuyanywesha umefungwa.

"Bila kinyungu siwezi kukulisha hadi mvua," aliniambia. "Utakwenda kwa baba yako."

Baba alikuwa kwenye kambi ya kupasua mbao, mbali, na nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Nilihesabu siku ambazo mahindi yangeweza kuvumilia bila maji. Hazikuzidi saba. Ndani ya siku hizo ilinibidi nijue jino lile lilikuwa la nani.

Nilianzia kwa mchinjaji mwenyewe. Aliuonea haya utani wake, akaniruhusu kufunua midomo ya vichwa vyote: ng'ombe, mbuzi, nguruwe. Sijawahi kutazama vinywa kwa hamu kama wiki ile. Jino la ng'ombe lilikuwa na mikunjo, lakini lilitoshea kwenye kiganja changu likabakiza nafasi. "Ng'ombe wa jino lako," alisema, "ningemchinja kwa msumeno."

Usiku nililala nikiwaza. Asubuhi nilivipanga vipande vinne kwenye ungo, nikivigeuza kama mtu anayeunga chungu, mpaka viwili vikakutana, ufa kwa ufa, bila hata nafasi ya unywele. Nilipiga kelele. Cha tatu nacho kikaingia. Kati ya hivyo na cha nne kilikosekana kimoja, kile bibi alichomgawia mke wa mchinjaji, naye alikataa kukirudisha. "Visigino vyangu vimepona juzi tu," alisema.

Niliubeba ungo hadi shuleni. Mwalimu wetu wa sayansi aliutazama kipindi kizima, sisi tukipiga soga. Mwishoni akasema aliwahi kuona taya la tembo mbugani, lenye meno ya matuta kama yale, ila lile lilikuwa mfupa, na hili limegeuka jiwe. "Limekaa ardhini muda ambao hata babu wa babu zetu hawaujui," alisema. Akaja nyumbani jioni kumweleza bibi.

"Kamwene, mama," alimsalimu. "Ni tembo."

"Tembo gani wa baridi hii? Umemwona nani akimchunga?"

Mwalimu akafungua kitabu. Bibi hakukitazama. Alichukua vile vipande vilivyounganishwa, akavipima shavuni mwake, kutoka sikio hadi kidevu, vikapita. Akaachama, akavipima tena. Akaanza kucheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Hakuna mtu mwenye mdomo huu," akasema. "Labda mama mkwe wangu."

Jioni ileile alishuka kufungua mfereji.

Mwalimu aliondoka na jino alipohamishwa, akiahidi kuwauliza wataalamu. Sikusikia jibu, na mpaka leo nikipita mtoni huwa nainama. Mchinjaji hayupo, wala bibi. Vijana niliowauliza pale kwenye miparachichi hawakujua kinyungu ni kitu gani.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka moja kwa moja. Hakuna aliyenifukuza, miguu yangu yenyewe ndiyo iliyowasha. Bibi hakupanda barabarani kuniaga. Alikuwa bondeni, jembe mkononi.

"Nenda!" alinipazia sauti. "Maji nimeshayafungulia, siwezi kuyaacha."

Nilisimama na begi langu nikiyatazama yakipita tuta hadi tuta. Yalipofika la mwisho, alikuwa bado ameinama. Nikaondoka.