Mizinga ya Masatu

Eufrasia wa Kiriba alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na kitu, katika kisomo cha watu wazima, na tangu siku aliyofaulu hakutaka mtu yeyote amsomee barua yake. Hata ikimchukua asubuhi nzima, ataisoma mwenyewe, kidole kikitangulia, midomo ikifuata. Kwa hiyo barua ya mwanawe Masatu ilipofika katikati ya mwaka wa sabini na nane, aliketi nayo kwenye jiwe analoanikia furu, vile visamaki vya ziwani, akaichambua neno kwa neno kama anavyochambua samaki. Masatu alikuwa amemaliza JKT na kuchukuliwa jeshini. Aliandika hivi: "Mama, mimi mzima. Nimepangwa kwenye mizinga. Kazi ni nzito lakini naipenda."

Mizinga Eufrasia aliijua. Kisomo kilikuwa na somo zima la ufugaji wa nyuki, pamoja na picha ya gogo lililotobolewa likining'inia mtini. Akafurahi kweli. Kule JKT si walikuwa wanalima na kufuga? Basi jeshi nalo limemwona kijana wake ni mpole, likampa nyuki. Alitangaza habari hiyo kisimani, kanisani, hata mnadani Bunda alikokuwa akipeleka furu wakavu. Na jibu akaliandika kwa mkono wake: avae nguo nzito, atumie moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, na akija likizo asije mikono mitupu bila asali. Barua hiyo, kama alivyokuja kujua baadaye, ilisomwa kwa sauti mbele ya wenzake, na Masatu akaitwa Bwana Nyuki mpaka vita ilipokwisha.

Ilipofika Novemba, vita ilikuwa imeshaanza kule Kagera. Mwenye redio pale nyumbani alikuwa shemeji yake Florian, mdogo wa marehemu mumewe. Betri zilikuwa zimeadimika madukani, kwa hiyo zile nne kuukuu zilianikwa juani kila asubuhi katikati ya furu wa Eufrasia, zipate nguvu ya kufikisha taarifa ya habari ya saa saba mchana. Siku hiyo mtangazaji alisema mizinga yetu ilinguruma tangu alfajiri. Eufrasia akainua kichwa.

"Shemeji, nyuki na vita wapi na wapi?"

"Nyuki gani?"

"Si amesema mizinga imenguruma? Nyuki wakichokozwa si wanangurumaga?"

Florian alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikamkauka ghafla, maana na yeye ndiyo kwanza alikuwa ameelewa mtoto wa kaka yake yuko wapi. Alizima redio kuokoa betri, akaokota kijiti, akachora mchangani bomba refu lenye magurudumu mawili.

"Mzinga ndio huu," alisema. "Unatemaga moto, shemeji."

Mwingine angelia. Eufrasia alilia pia, lakini kidogo, na huku analia akauliza, "Unatema mpaka wapi?"

Florian hakujua. Hapo ndipo mama huyu alipoanza ugonjwa wake wa kuuliza. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mzinga ukitema karibu, Masatu yuko karibu na adui, ukitema mbali, yuko mbali, na kila hatua ya umbali huo ilikuwa uhai wa mwanawe. Alimuuliza mwalimu, akamuuliza katekista, akamsimamisha hata dereva wa lori la pamba. Saa saba ikifika aliacha samaki na kunguru wao, akaenda kubana sikio kwenye redio. Safari hii hakutaka kuchekwa tena. Aliposikia vifaru wamevuka mpaka, aliuliza kwanza kama ni wale wa Serengeti. Hao hawakuwa wa Serengeti, na Florian akalazimika kuchora tena.

Baada ya miezi mitatu, mchanga wa uani ulikuwa umejaa michoro, na Eufrasia alikuwa anajua tofauti ya mzinga na roketi kuliko wanaume wengi wa Kiriba. Watoto walikatazwa kufagia upande ule. Lakini umbali bado hakuna aliyemwambia.

Aliupata Machi, mnadani Bunda. Karibu na furu wake aliketi kijana mwenye bendeji mkononi, na kwa buti zake Eufrasia alimjua ni mtu wa vita. Alimsogezea fungu la samaki kabla hata ya kumsalimia. Kijana aliitwa Wambura, mtu wa Butiama, amerudishwa kutibiwa, na kwa bahati ambayo Eufrasia aliishukuru mpaka uzeeni, naye alikuwa wa mizinga.

"Mwanangu, mimi wa Kiriba, nina mtoto huko kwenye mizinga. Niambie, unapiga mpaka wapi?"

"Inategemea, mama. Ule mkubwa, ukiusimamisha hapo kwenu Kiriba, kombora lake linaangukia Mwisenge."

"Mwisenge ya Musoma mjini?"

"Hiyohiyo. Na watu wa Mwisenge hawakuoni kabisa."

Eufrasia alicheka kwa furaha, akapiga makofi. Kutoka Kiriba kwenda mjini kwa miguu ulitoka alfajiri, ukafika umechoka. Umbali wote huo ulikuwa kati ya mwanawe na adui! Akamwongezea Wambura samaki wengine watatu. Kisha mkono ukamkwama hewani.

"Wambura. Na yule wa Mwisenge, kama naye ana mzinga?"

Kijana aliacha kutafuna. "Mama, wewe ungekuwa ofisa," alisema. "Ndiyo maana hatukaagi mahali pamoja. Tukishapiga, tunafunga mzinga kwenye lori haraka, tunahama kabla hawajatujibu."

"Na lori likinasa kwenye matope?"

Wambura aliinua macho akatazama mawingu. Masika ilikuwa ndiyo inaanza.

Tangu hapo sala za Eufrasia zilibadilika. Wenzake kanisani waliombea majeshi, wakaombea ushindi. Yeye aliomba kwa sauti Mungu abariki tairi za malori. Kila wingu lilipoelekea magharibi alilinunia kama limemtukana. Mji wa Kampala ulipochukuliwa mwezi wa nne, kijiji kilicheza ngoma, naye akacheza, ila katikati ya ngoma akamvuta Florian pembeni kumuuliza kama barabara za kule zina lami.

Masatu alirudi mwishoni mwa mwaka. Alishuka barabarani na begi lake, mzima, mikono miwili, miguu miwili. Eufrasia alimkagua kama ng'ombe wa mnadani, akamkumbatia, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Akamlisha ugali na sato bila kumwondolea macho. Hakika alijizuia sana. Alingoja mpaka mtoto anawe mikono, akaketi mbele yake na swali alilolitunza tangu masika.

"Baba, ule mzinga wenu ulikuwa unavutwaga na lori la tairi ngapi?"

Masatu alitabasamu. "Ndiyo, mama," alisema kwa sauti kubwa mno. "Nimeshiba kabisa."

Florian aliyekuwa mlangoni aliinamisha kichwa. Eufrasia aliuliza tena, polepole zaidi, na mwanawe akaitazama midomo yake, akaendelea kutabasamu. Sikio la kulia lilikuwa limekufa; la kushoto lilishika maneno mawili matatu ukiyapigia kelele. Hakuwa ameandika habari hiyo kwenye barua yoyote.

Hapo ndipo Eufrasia alipolia sawasawa. Alikuwa ameuliza umbali, uzito, magurudumu, matope na lami, lakini sauti hakuiulizia hata mara moja. Na mtangazaji aliisema siku ile ya kwanza kabisa: mizinga ilinguruma. Neno lenyewe alilisikia, akawaachia nyuki. Alijikasirikia hivi kwamba kwa wiki nzima hakuigusa redio ya Florian.

Kisha ikaja miaka ya kufunga mkanda. Sukari ikawa hadithi, na kwenye duka la kijiji watu walipanga foleni ya tetesi tu. Siku moja Masatu aliangusha mti, akaukata magogo manne, akayatoboa kufuata picha ya kitabu cha kisomo cha mama yake, akayatundika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemtuma. Wenzake wa jeshini walikuwa wamemwita Bwana Nyuki, alisema, na yeye hapendi kuitwa jina la bure.

Kazi hiyo inahitaji masikio, kwa maana mfugaji husogeza sikio kwenye gogo ajue kama nyuki wameingia. Eufrasia alimfuata siku ya kukagua, tayari kumsikilizia. Lakini Masatu hakumngoja. Alikiweka kiganja chake chote juu ya gogo, akafumba macho. Mama yake alisimama kando bila kuuliza kitu.

"Wananguruma, mama," Masatu alisema, kwa ile sauti yake kubwa.