Kikombe cha Etyang

Harufu ya mvua ya kwanza juu ya mabati yenye joto bado hunirudisha Malaba, kwenye nyumba yetu karibu na reli, ambako pipa lilisimama chini ya mfereji wa paa. Miaka ile ya sitini baba alifanya kazi stesheni, na mtaani petu duka moja tu lilikuwa na redio. Mwenye duka tulimwita Bwana Redio. Jioni watu walijaa barazani kwake, na wasiofahamu Kiswahili cha redio aliwaeleza kwa Kiteso, kwa madaha.

Msimu mmoja wa mvua alitangaza kwamba Wazungu wamelipua bomu jangwani, mbali huko kaskazini, na vumbi lake linakuja na mawingu. Atakayekunywa maji ya mvua ataoza matumbo. Mama aliniambia nimwage pipa. Nililiangusha mimi mwenyewe, kwa nguvu zangu zote, nikaona fahari. Wenye uwezo walinunua maji ya kisima, na kisima kilikuwa nyuma ya duka lile lile. Sisi tulichota kijitoni, chini ya mahali ng'ombe walipokunywa.

Mdogo wangu Etyang alikuwa na miaka mitatu. Alianza kuhara Jumatatu, Alhamisi tulimzika. Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, alipokuja kutupa pole, alituuliza taratibu kwa nini tuliacha maji ya mvua, ilhali redio ilikuwa imeeleza wiki nzima, katika taarifa za asubuhi, kwamba mvua ya huku imepimwa na haina madhara. Mama hakulia. Aliinuka akaenda dukani, mimi nyuma yake.

"Ulisikia?" alimuuliza Bwana Redio.

Yule aliendelea kupanga sabuni. "Nilisikia, mama. Lakini mimi si serikali. Kila mtu ana masikio yake."

"Masikio tunayo. Redio ni yako."

Tangu hapo, kila mvua iliponyesha, mama alikinga kikombe cha Etyang chini ya paa la duka, akanywa polepole mbele ya wateja, akawaeleza maneno ya dresa na nani aliyeyaficha. Hakutukana. Watu wakasimamisha tena mapipa yao, wakaacha kununua maji, mwishowe wakaliacha na duka. Nilimwona Bwana Redio akikonda, nikafurahi. Sitadanganya: nilifurahi.

Siku hizi malori yanapanga foleni palipokuwa duka, na kila utingo ana simu. Habari za sumu na magonjwa zinafika kabla ya chai. Wajukuu wakinisomea, nauliza nani alipima, na kama hakuna aliyesahihisha. Wananicheka: "Nyanya, wewe ni polisi."

Bwana Redio alikufa akiwa mzee sana, mama akiwa ametangulia. Nilikwenda mazishini. Mvua ilipoanza, wote walikimbilia hemani. Nilitoa kikombe cha Etyang mkobani, nikakikinga, nikanywa. Mwanawe mkubwa akaja na mwavuli, akaniuliza kwa heshima kama nina kiu, aniletee soda.

Nikamwambia akae. Nikamweleza yote.