Aliyesimama Haliwi Kete

Hezekiah wa Sotik alikuwa mtu wa hasira, lakini kwenye drafti alijulikana kwa heshima. Soko zima, hata mama wa ndizi waliovuka kutoka upande wa Kisii, walijua kwamba vifuniko vya soda, ndizo kete zao, vikishapangwa ubaoni, mzee huyu mfugaji haondoki mpaka kieleweke. Hakuwahi kukimbia mchezo. Jina lake lilikuwa hilo tu, na alilitunza kuliko ng'ombe wake.

Mwaka wa tisini na tisa, Wambugu mwenye duka aliunganisha kompyuta na laini yake ya simu, akatangaza kwamba sasa mtu anaweza kucheza drafti na dunia nzima. Hezekiah akawa mteja wa kwanza, akilipa kwa maziwa ya asubuhi.

Huko kwenye kompyuta, kando ya jina la kila mchezaji kulikuwa na alama ya laini yake: kijani kama ni nzuri, nyekundu kama inasuasua. Ya Hezekiah ilikuwa nyekundu kama pilipili. Wenye kijani wakiiona, walimkataa hata kabla ya salamu. Hilo lilimuuma vibaya. Ukishindwa, angalau umecheza. Kukataliwa kwa sababu ya nguzo za simu zilizooza ni matusi.

Wachache waliokubali hawakuwa na subira. Akisukuma kete, ilikwama njiani, huku saa ikila muda wake kana kwamba ni yeye anayesinzia. Mara nyingine laini ilikatika kabisa, na akirudi alikuta imeandikwa kwamba amekimbia. Yeye, Hezekiah, amekimbia!

"Hapa kwetu mtu akisimama, hata kama ni lori ya maziwa imemwita, kete zake haziguswi," alimwambia Wambugu. "Hawa watu walilelewa na nani?"

Wambugu alisema ni mvua. Sotik haikosi mvua alasiri, kwa hiyo Hezekiah aliamini, akailaani mvua, akawalaani na watu wa simu pamoja na nguzo zao.

Siku moja jua likiwaka, mtu wa Uholanzi mwenye kijani alimkubali. Hezekiah alifikisha kete mbili mwisho wa ubao zikawa kingi, akambana mwenzake pembeni, akabakiza hatua moja tu ashinde. Laini ikakatika. Angani hakukuwa na wingu hata moja. Ndipo aliposikia sauti ya Wambugu chumba cha nyuma, akiulizia kwa simu bei ya viazi Molo. Laini ni ile ile moja. Kumbe kila Wambugu alipoinua mkono wa simu, ndiye aliyekuwa akiua mchezo.

Hezekiah alimfuata kule nyuma, naye Wambugu hakuona kosa. "Mzee, si hiyo ni game tu? Mimi niko na biashara."

Jioni, wanaume walipoketi barazani mwa duka na ubao wao, Hezekiah alimkaribisha Wambugu wacheze. Walikuwa katikati ya mchezo wakati Wahu, mke wa Wambugu, alipotoa kichwa dirishani akasema kuna simu. Wambugu akainuka, akaziacha kete zake bila wasiwasi, kama mtu yeyote wa soko lile.

Hezekiah akazila zote, moja baada ya nyingine, watu wakitazama. Wambugu aliporudi, alimwambia, "Umekimbia."

Alitazamia wacheke. Hakuna aliyecheka. Nicholas fundi wa viatu, aliyecheza naye tangu wakiwa vijana, aliokota vifuniko akavitia mfukoni. Hezekiah alimwomba wapange mchezo mwingine. Nicholas akasema ana kazi, akabeba ubao na kwenda kukaa ng'ambo ya barabara, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga.

Aliyebaki naye barazani ni Wambugu peke yake, na alitaka tu kujua kama kesho kutakuwa na maziwa.