Kukohoa Mlangoni

Mama mkwe alipoletwa kwetu Kitale baada ya kiharusi, jambo la kwanza nililojifunza ni kukohoa. Nikifika mlangoni nakohoa, nasubiri, nasikia mkongojo ukigonga sakafu, kisha mlango wa chumba cha ndani unafungwa. Ndipo naingia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawali pamoja, na wakikutana kwenye kijia mmoja huacha njia. Nyumba ya vyumba viwili na sebule haina njia ya kuacha. Choo kiko nyuma, na kukifikia lazima upite sebuleni, mbele ya meza ninayofanyia kazi.

Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee wa kiume alizikwa kando ya baba yake huko Bungoma, kwa hivyo hapakuwa na nyumba nyingine ya kumpokea ila ya binti yake, na nyumba ya binti ni ya mkwe. Alitaka kitu kimoja tu, kurudi kwake. Kila asubuhi nilimsikia akimuuliza mke wangu, "Leo ndiyo mnanirudisha?"

Hospitalini walisema kwanza apimwe kama anaweza kuishi peke yake. Mpimaji alikuwa mwanamke kijana ambaye kazi yake ni kuangalia jinsi mgonjwa anavyooga, anavyovaa, anavyopika na kula. Wagonjwa walimwita daktari wa mikono. Nilikaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi nusu, uso nimeuelekeza ukutani kama inavyopasa, masikio yakiwa ndani.

Alimwita kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu. Alimfunga macho kwa kitambaa akaanza kumwekea vitu kiganjani. Mkono wa kulia ulijibu upesi. "Kijiko. Ufunguo. Hii ni mahindi." Alipohamia wa kushoto, ilibidi amuulize.

"Kukhu, nimekuwekea nini?"

"Bado hujaweka. Si uweke?"

Ufunguo ulikuwa umelala kiganjani muda wote huo, mke wangu alinieleza baadaye. Chupa ya maji moto na ya maji baridi, kwa mkono ule, zilikuwa kitu kimoja.

Kisha daktari akamwaga maharagwe kwenye sinia na kumwomba achague mawe. Mama mkwe alicheka. "Ati huu ndio mtihani? Hata mtoto anaweza, bana." Nikasikia vidole vikienda mbio, halafu sinia ikasukumwa. "Imeisha."

Upande wa kulia ulikuwa safi. Upande wa kushoto haukuguswa, mawe na makapi yalikuwa palepale. Daktari alieleza kwamba macho yake hayana kasoro. Ubongo ndio ulioacha kujua kwamba kuna upande huo. Nikakumbuka sahani zilizokuwa zikirudi jikoni na nusu ya ugali, na jinsi tulivyodhani hamu ya kula imemwisha.

Lililobaki lilikuwa suala la choo. Mke wangu alishusha sauti. "Mchana anajikojolea."

"Na usiku?"

"Usiku anaenda mwenyewe."

Daktari aliacha kuandika. "Mchana nani yuko nyumbani?"

"Mzee wangu. Anafanyia kazi pale sebuleni."

Viatu vyake vikaja mlangoni. Aliniangalia nilivyokaa nimeutazama ukuta.

"Wewe ndiye mkwe?"

"Ndimi."

"Kumbe tumekuandika wewe kama ugonjwa," akasema, na hakuwa akitania sana.

Kesho yake nilihamisha meza yangu hadi barazani kwa jirani. Mkeka wa mama mkwe ulikaa mkavu wiki nzima. Hilo lilitupa tumaini sote, na hata daktari alisema si haki kumpimia upishi kwenye jiko la gesi ambalo hajawahi kuliwasha. Angempima kwake, kwenye jiko lake.

Tulienda Bungoma asubuhi ya baridi, mahindi yakiwa yameshavunwa na mabua yamesimama mashambani. Alipokanyaga ua wake alinyooka. Aliita kuku, ambao jirani alikuwa akiwalisha, akatukana nyasi zilizokuwa zimeota njiani. Daktari alimwomba kitu kimoja, atupikie chai. Akamtuma mke wangu mtoni, kwa sababu alikuwa ameona jinsi binti alivyozoea kumalizia kila jambo ambalo mama ameanza.

Mimi sikuwa na ruhusa ya kuingia jiko lile. Nilikaa kwenye jiwe karibu na banda la kuku, nikiuona mlango kwa pembeni. Daktari alikuwa amechuchumaa kulia kwa mama mkwe, mikono magotini. Sheria yake ilikuwa kutosaidia mpaka kuwe na hatari.

Na alipika vizuri. Alichochea kuni, akapulizia, akateka maji mtungini, akamimina maziwa, akaonja majani kwa kuyanusa. Kila kitu kwa mpangilio wake, kwa mkono mmoja, huku akimsema daktari kwa wembamba wake. "Wewe utazaa aje na kiuno kama ya nyigu?" Daktari alicheka. Nami nilishaanza kuwaza nani atamletea kuni.

Halafu nikaona moshi usiotoka kwenye kuni. Ncha ya kushoto ya leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa imeangukia makaa, na mwili wake ulimzuia daktari asiione. Moto ulikuwa ukipanda. Mkono wa kushoto ulikuwa pale pale, juu ya jiwe la meko, na yeye anapuliza chai, ametulia.

"Leso!" nikapiga kelele. Mama mkwe alijitazama upande wa kulia. Akajitazama tena upande wa kulia.

Niliingia. Nilimshika mkono, nikaivuta leso yote kiunoni mwake na kuikanyaga. Moto ulizimika mara moja. Mama mkwe alibaki amesimama mbele yangu na shimizi, kiganja cha kushoto kimebabuka, na hakukitazama. Mkono wa kulia alijifunika nao uso.

"Baba, toka," alisema. "Toka, tafadhali."

Nilitoka. Daktari alimfunga kiganja, na mke wangu aliporudi na maji aliambiwa uamuzi pale uani. Mama mkwe hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu kuku apewe nani.

Sasa yuko kwetu. Meza yangu imerudi sebuleni, maana aliyeniazima baraza aliitaka. Juzi daktari wa mikono alikuja kumtazama, akauliza habari ya choo.

"Siku hizi anaenda mwenyewe, hata mchana," mke wangu akasema kwa furaha. "Anapita tu hapa."

"Hata mzee akiwepo?"

"Hata akiwepo."

"Umeendelea vizuri, kukhu."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, leso imelegea begani. Aliinua macho, akanitazama usoni moja kwa moja, kama mtu anavyotazama kabati.

"Sasa nimfiche nini?" akasema.

Mimi bado nakohoa mlangoni kila jioni. Ndani hakuna anayesogea.