Chai ya Suleimania

Cheptanui aliolewa na mtu mmoja, vita vikamrudishia mwingine. Mumewe Kosgei aliondoka Molo akiwa mkamuaji wa ng'ombe wa Mzungu, akarudi mkamuaji yule yule, ila sasa alikuwa na mji wake. Suleimania! Mji wa Wakurdi, huko Iraki, milima imeuzunguka kama ua wa boma. Asubuhi Suleimania, jioni Suleimania. Eti huko jirani akichinja, mtaa mzima unakula. Eti mwaka mpya ukifika wanawasha moto milimani, wanashikana mikono na kucheza, wazee kwa vijana.

"Si kama nyinyi," alikuwa akiwaambia majirani wa kambi ya vibarua, midomo ameibinua. Miaka minane tangu vita viishe, jamani! Mtu ana ng'ombe wawili na kofia moja, anawadharau wenziwe kwa mji wa watu.

Cheptanui alivumilia. Lakini wachumba wawili wa binti yao Chemutai walikuwa wamekuja na kutokomea, wamechoshwa na domo la baba. Mwaka wa hamsini na tatu, Mzee Kemboi wa Sachangwan alipotuma habari kuwa atakuja kumposea mwanawe Kipkemei, Cheptanui hakumumunya maneno.

"Baba Chemutai, kesho Suleimania ikae huko huko. Mtoto anampenda huyu kijana."

"Wewe mwanamke unajua nini? Kesho mtaona heshima."

Heshima yenyewe ndiyo hii. Cheptanui alikuwa nyuma ya nyumba akitikisa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala wiki nzima yakiwangoja wakwe. Aliporudi aliwakuta Mzee Kemboi, wazee wenzake na Kipkemei, kila mmoja ameshika kigilasi kisichomtosha hata kuku, ndani chai nyeusi tititi, bila tone la maziwa. Kosgei alikuwa amesimama katikati akifundisha.

"Sukari mnauma kwa meno, wazee. Chai mnapitisha hapo."

Toba! Mkamuaji, mtu anayenuka maziwa tangu alfajiri, anawapa wakwe chai ya rangi! Kwa desturi yao wafugaji, hilo ni kumwambia mgeni: ng'ombe tunao, ila wewe hatukutaki.

Mzee Kemboi alikiweka kigilasi chini.

"Kosgei, hao watu wako, mkwe akikuja kuposa wanampatia nini?"

Kosgei alikiokota kigilasi, akakifuta kwa shati.

"Si uliingia kwa nyumba zao?" Mzee Kemboi akamuuliza tena.

"Hapana, mzee. Sisi askari tulikuwa kwa kambi. Chai tulikuwa tunaletewa kwa geti. Ukimaliza, unarudisha gilasi, unaenda."

"Basi na sisi umetupatia ya geti."

Wakainuka. Cheptanui aliwakimbilia na kibuyu chake, akiwasihi. "Hatuna shida na wewe, mama," Mzee Kemboi akamjibu kwa upole, na hakusimama. Kipkemei aliwafuata akitazama viatu vyake.

Chemutai, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakulia. "Baba, huyo ni wa tatu," alisema, akaingia ndani.

Kosgei akakohoa. "Achana nao, ni washamba tu. Kule Suleimania..."

"Kule walikuacha getini!" Cheptanui akapaza sauti, majirani wote wanasikia. "Wala hawakujua jina lako. Na bado unawapenda kuliko mtoto uliyemzaa."